Kitenge Hakina Kidole Gumba

Mimi sikuwahi kutaka kupigana na mtu. Nilitaka kutoka Kasongo na mzigo wangu wa vitenge, nifike Kabambare nikiwa mzima, niuze, nirudi kwa watoto wangu wanne. Kama mtu angeniambia kwamba safari hiyo ingenipeleka kuangukaanguka juu ya magunia ya pumba, nimevaa suruali ya mume wangu chini ya kitenge, ningemwambia akapimwe malaria kwanza.

Lakini kuna mahali kwenye njia ya Kabambare, karibu na mwisho, ambapo daraja limebaki magogo mawili tu. Motari, yaani mwendesha pikipiki, huvuka kwanza akiisukuma pikipiki yake, na abiria hufuata kwa miguu. Siku ile motari wangu, mtu mwenye adabu niliyesafiri naye mara nyingi, alikuwa ng'ambo tayari, amenipa mgongo, anafunga mzigo upya. Mtu akatoka kwenye majani. Akanisalimia vizuri, "Jambo, mama," nami nikamwitikia. Kisha akanishika kifundo cha mkono wa kuume, akauvua mkoba begani mwangu kwa mkono wake mwingine, akarudi kwenye majani. Hata hakukimbia. Alitembea.

Mkoba haukuniuma sana. Kilichoniuma ni mimi mwenyewe. Mimi ambaye sokoni nikianza kusema wenzangu hufunga midomo, nilisimama pale nikiutazama mkono wangu ndani ya mkono wa mtu kana kwamba ni wa mwanamke mwingine. Sauti haikutoka. Motari alipogeuka, mwizi alikuwa ameshapotea na mimi nilikuwa bado nimeunyoosha mkono mbele. Tangu siku ile motari yule hakunitazama usoni tena. Aliona ni yeye aliyeniacha.

Mume wangu ni mpole. Ninalisema hilo mapema kwa sababu katika habari hii ataudhi. Siku ya tatu baada ya kusikia, tukiwa tunakula, mama yake akiwepo, akatoa hukumu.

"Ku Kabambare hauendi tena peke yako. Utaenda na mudogo yangu, ao utabaki."

Huyo mdogo wake namjua. Ni mtu ambaye akitumwa maji hurudi na habari. Nikasema sitaki mlinzi wa kunilinda, nitajifunza kujilinda mwenyewe. Mume wangu akacheka, akanishika kifundo cha mkono palepale juu ya sahani ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, kwa mzaha.

"Basi toka."

Sikutoka. Nilivuta mpaka ugali ukaanguka.

"Siku utatoa mukono yako mu mukono yangu, siku ile utaenda peke yako," akasema.

Nikamgeukia mama mkwe wangu. "Mama, umesikia?"

"Niko na masikio," akajibu, akiokota ugali wake.

Kwake mume wangu ulikuwa utani. Kwangu ulikuwa mkataba wenye shahidi. Biashara ile niliianza mwenyewe, kwa vitenge vitatu, na njia ya Kabambare ndiyo kitu pekee maishani ambacho sikupewa na mtu. Sikuwa tayari kuiacha kwa ajili ya mkono mmoja.

Nikaanza kutafuta wa kunifundisha. Nilidhani ni jambo rahisi: unauliza, unaonyeshwa, unajifunza. Kumbe mji wetu una walimu wa kupigana wengi kuliko mafundi wa baiskeli, na kila mmoja ana dini yake.

Nilianza na karate kwa sababu ndiyo niliyoisikia kwa masikio. Jumamosi uani mwa shule ya misheni watoto wanapiga kelele mpaka kuku wa jirani wanakimbia. Mwalimu alinipokea kwa heshima, akaniweka mwisho wa mstari, nyuma ya binti wa miaka tisa wa jirani yangu, ambaye alinionyesha jinsi ya kukunja ngumi huku akinihurumia. Tulipiga hewa. Tukapiga hewa tena. Tulihesabu kwa Kijapani mpaka kumi, na nilipomwuliza mwalimu kumi na moja inaitwaje, alisema haihitajiki. Jumamosi ya nne nikashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, mutu akinishika mukono, nafanya nini?"

"Mama, ile iko ya mukanda ya kijani."

"Na mukanda ya kijani inakuja lini?"

"Ukivumilia, kama mwaka moja na nusu."

Nikafikiri: sawa, nitamwambia mwizi asubiri. Sikurudi. Yule binti bado akiniona njiani huniuliza kama nafanya mazoezi.

Baadaye nikaenda kwa kijana mmoja wa upande wa barabara ya Nyangwe aliyejifunza kupigana kwa kutazama sinema za Wachina. Huyo alitaka nisimame kwa mguu mmoja juu ya kisiki mpaka nione amani. Nilisimama. Sikuona amani, niliona wauza samaki waliosimamisha baiskeli zao kunitazama. Nikashuka, nikajifunga kitenge vizuri, nikaenda nyumbani nikiwa na hasira na kila mtu.

Ngumi nilijaribu siku moja tu. Wanafanyia nyuma ya ghala la mpunga, na walikuwa na jozi mbili za glovu kwa watu kumi na tano. Aliyenipiga aliniomba radhi kabla na baada, lakini mdomo ulivimba vilevile. Kesho yake sokoni sikuuza. Wanawake walikuja mmoja mmoja kwenye meza yangu, wakaangalia mdomo, wakanishika bega, wakaenda. Mmoja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba milango ya nyumba yake iko wazi. Mwingine alimlaani mume wangu pamoja na ukoo wake. Jioni mume wangu alirudi mbio kutoka shuleni anakofundisha.

"Mama ya watoto, mu muji yote wanasema nakupiga! Paroko mwenyewe ameniita!"

Nilicheka mpaka mdomo ukapasuka tena, na yeye hakucheka hata kidogo. Lakini mwalimu wa ngumi, ambaye ndiye mtu wa kwanza aliyenisikiliza, alikuwa ameniuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza kabla ya kutoka nyumbani.

"Mama, weye unataka kupiga, ao unataka kuachiliwa?"

"Kuachiliwa."

"Basi umepotea njia. Enda ku judo. Kule ndiyo wanashikana."

Miezi mitatu nilikuwa nimezunguka mji mzima nikitafuta jibu la swali ambalo sikulijua. Anayeanza haambiwi na mtu yeyote kwamba aanze na swali. Kila mlango unaoubisha, mwenyewe anakuambia mlango ni huu.

Judo inafanyika kwenye ghala kuukuu upande wa soko. Mikeka yao ya kuangukia ni magunia ya pumba za mpunga yaliyoshonwa pamoja na kufunikwa turubai. Mwalimu alikuwa mtu mzima mwenye kimono cheupe kilichotiwa viraka vya mfuko wa unga wa ngano, na alikuwa na utulivu niliokuwa nimeutafuta juu ya kisiki. Nilimpenda hapohapo. Nikasema moyoni, nimefika.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Kwetu huwezi kuingia mahali pa mtu ukasema shida yako kabla ya kusema wewe ni wa nani. Ni adabu tuliyonyonya. Basi nikaanza: mimi ni binti ya fulani, wa kijiji fulani, nimeolewa na mwalimu wa shule, ambaye baba yake ni fulani, wa watu wa upande wa Kabambare. Nilikuwa naisema vizuri, bila haraka, najisikia mtu mwenye mizizi. Mwalimu alikuwa ameshanyoosha mkono kunionyesha jinsi ya kushika ukosi wa kimono. Nilipotaja baba wa mume wangu, mkono ule ulirudi nyuma kama umegusa sufuria ya moto. Akageuka akautazama ukuta.

"Basi weye ni mukwe yangu," akauambia ukuta. "Mama yangu na mama ya ule muzee, tumbo moja."

Kwa watu wa mume wangu, mke wa mtoto hagusi mkono wa baba mkwe. Haketi kwenye mkeka wake, hamtazami machoni, na njiani humpisha. Ndugu wa baba mkwe naye ni baba mkwe. Mimi nilikuwa nimetembea kwa miguu yangu, nikafungua mdomo wangu, nikaufunga mlango pekee uliokuwa wazi kwa ajili yangu. Ningenyamaza! Ningesema mimi ni mama muuza vitenge, basi, angenishika, angeniangusha, angenifundisha kama wengine, na tungegundua ukwe wetu kwenye msiba fulani baada ya miaka, tukaona haya, yakaisha. Judo bila kugusana ni sombe bila chungu. Nililia njia nzima kurudi nyumbani, na haikuwa huzuni. Ilikuwa hasira tupu.

Siku ya pili mwalimu alimtuma mwanafunzi kuniambia nije na kitenge kirefu.

Alikuwa amewaza usiku. Ncha moja ya kitenge nilijizungushia kwenye kifundo cha mkono, ncha nyingine akashika yeye, na kati yetu palikuwa na hatua mbili za heshima. Aliponivuta, nilivutika. Alizungumza daima na ukuta.

"Usivute. Ukivuta, unamusaidia. Anakuvuta? Ingia. Enda palepale anataka uende, lakini fika mbele yake."

Kwanza nilijifunza kuanguka. Mwezi mzima nilianguka: nyuma, ubavuni, mbele, huku wanaume vijana wakijifanya hawaoni suruali ya mume wangu. Mgongo uliuma. Niliuliza kwa nini mtu anayetaka kusimama anafundishwa kuanguka, na ukuta ukajibiwa kwamba anayeogopa kuanguka hushikwa na mtu yeyote. Lilikuwa neno zuri. Sikulipenda.

Kuhusu kushikwa kwenyewe, tulikwama. Mwalimu aliwaonyesha wengine, mimi nikiwa nimesimama mbali kama mgeni anayetazama watu wakila.

"Mukono ya mutu iko na mulango," alisema, akimshika mwanafunzi mmoja. "Mulango iko hapa, fasi kidole gumba inakutana na zingine. Vidole ine ni ukuta. Usipigane na ukuta. Geuza mukono, tokea ku mulango."

Mwanafunzi aligeuza mkono, akatoka. Rahisi kama kumenya ndizi. Zamu yangu ikaja na mimi nikapewa kitenge. Na kitenge hakina kidole gumba! Kinakuzunguka pande zote sawasawa, hakina mlango popote. Niliomba basi mmoja wa wanafunzi anishike. Mwalimu alisimama wima.

"Mbele ya macho yangu, mwanaume ashike mukono ya muke ya mutoto yangu? Apana."

Nikaenda nyumbani nikamwaga hasira yote jikoni, mbele ya mama mkwe wangu, aliyekuwa akichagua mchele. Nilisema kuhusu ukwe, kuhusu mila, kuhusu watu wanaojua kitu na hawawezi kukitoa. Nilisema maneno ambayo mke hapaswi kumwambia mama mkwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatoa kokoto moja kwenye mchele, akaitupa.

"Makelele ya nini? Leta mukono."

Mkono wake umetwanga muhogo miaka hamsini. Alinishika kama mtu anavyoshika kuku siku ya sikukuu. Kati ya mwanamke na mama mkwe wake hakuna mwiko wa kushikana, na mimi, pamoja na akili zangu zote za biashara, nilikuwa nimezunguka mji mzima bila kufikiria mkono uliokuwa unakaa nami nyumba moja. Tangu siku hiyo, kila alasiri, yeye alichagua mchele kwa mkono mmoja na kunishika kwa mwingine. Hakunionea huruma. Alisema mambo haya ni upuuzi, kwamba zamani wanawake walitembea wengi pamoja wakiimba na hakuna aliyeshikwa, na huku akisema alikaza. Nilipotoka mara ya kwanza, hakunisifu. Alibadilisha mkono.

Jumapili moja baada ya misa nilimwambia mume wangu nimekuja kudai neno lake. Alikuwa amesahau. Mama yake akamkumbusha.

Akanishika mkono wa kuume. Nikageuza kuelekea kidole gumba, nikatoka.

"Sikukuwa tayari," akasema.

Akanishika wa kushoto. Nikatoka.

"Umeniumiza kidole. Na tena miye ni bwana yako, siwezi kukaza sana."

"Kaza."

Akashika kwa mikono miwili. "Mwizi iko na mikono mbili," akasema, na hapo niliona kwamba hakuwa anacheza tena, na kwamba hata nikitoka mara mia ataipata sababu ya mia moja na moja. Damu ilinipanda. Nilisahau kidole gumba, nilisahau kila kitu, nikavuta kama siku ile ya kwanza, naye akanivuta kwake. Ndipo nikausikia ukuta ukiambiwa: ingia. Nikaingia. Nilienda palepale alipotaka niende, ila kwa bega na uzito wangu wote, na mume wangu mpole akaenda kinyumenyume hatua tatu akaketi katikati ya muhogo uliokuwa unakauka kwenye mkeka.

Mama yake alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi sikucheka. Mume wangu alibaki ameketi pale, unga mweupe suruali nzima, na alichosema kiliniudhi kuliko visingizio vyote.

"Siku ile, weye ulikuwa unashikwa kule mu pori, miye nilikuwa hapa ku baraza, nacheka na watu. Kila mara nakumbuka vile nilikuwa nacheka."

Kwa nini hakusema hivyo miezi yote ile? Ningemjibu. Ningekaa naye. Badala yake aliniacha nisimame juu ya visiki na kuvimba mdomo. Nilimpa mkono anyanyuke, na nilikuwa na hasira, na nilimpenda, na kesho yake alinifungia mzigo mwenyewe.

Motari alikuwa yule yule. Tulipofika kwenye magogo, aliivusha pikipiki, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kufanya: aliiegesha, akarudi mpaka nilipokuwa. Nilijua kwa nini. Alikuwa amelibeba jambo lile muda wote kama mimi.

"Mama, leo nakuvusha miye mwenyewe," akasema, kwa mara ya kwanza akinitazama usoni. Akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, tukapanda magogo.

Katikati gogo lilitikisika. Akakaza. Na mkono wangu ukageuka. Sikuuambia. Uligeuka wenyewe kuelekea kidole gumba, ukatoka safi, kama nilivyofundishwa, na mimi nikaenda mtoni kwa mgongo. Nilianguka vizuri sana. Mwalimu angenisifu mbele ya ukuta wake.

Maji yalinifika kiunoni. Motari alikuwa amebaki juu ya gogo, mkono wake mtupu bado umenyooka mbele yake, na uso wake ulikuwa ule ule wa siku ya mwizi. Nilimwona anajilaumu tena, na sikuwa na namna ya kumweleza kwamba safari hii ni mimi niliyemwacha. Aliinama akaninyooshea mkono tena. Nikautazama. Sikuweza kuushika, na mkono ambao sikuuamini haukuwa wake, ulikuwa wangu.

Nilifungua kitenge nilichojifunga juu ya suruali, nikakikamua, nikajizungushia ncha moja mkononi, nikamtupia nyingine.

"Shika hii."

Hakuelewa, lakini alishika. Akanivuta, na nikatoka majini, tukamaliza kuvuka hivyo, yeye mbele na mimi nyuma, kitenge kimenyooka kati yetu.

Kabambare nilifika peke yangu, nimelowa, mzigo mkavu. Jioni mume wangu alipiga simu.

"Njia ilikuwa namna gani? Kuna mutu alikushika?"

Kitenge kilikuwa kinadondosha maji kwenye kamba mbele yangu. Nilikuwa nimepata nilichokitafuta miezi yote ile, na nilikuwa nimengoja kukisema kwa majivuno.

"Hapana," nikamwambia. "Hakuna tena mutu anaweza kunishika."

Akashukuru Mungu. Mimi nilikata simu, nikakaa na mkono wangu mapajani, nikiuogopa kidogo.